Kabla ya kuweka mlango wa rola ghalani, hesabu kinachopita hapo

Na MWANDISHI WETU

MTU anayesafiri kwa barabara ya Likoni hadi Lungalunga hatakosa kuona, anapopita Ukunda na Msambweni, namna milango ya maduka ilivyobadilika. Pale palipokuwa na mbao mbili za mvule na komeo la kati, sasa pana mlango wa rola, ambao mafundi wengine huuita shata: papi za chuma zilizoshikana, zinazopandishwa asubuhi zikajiviringa juu ya kizingiti kama mkeka, na kushushwa jioni kwa kishindo kinachosikika mtaa mzima.

Mkulima wa Jego aliyejaliwa kupata fedha za kujenga banda la mawe badala ya lile la udongo na makuti huutamani mlango huo, na sababu zake zinaeleweka. Hauchukui nafasi unapofunguliwa. Mchwa hawaugusi. Mwizi aliyezoea kung'oa bawaba hazioni bawaba za kung'oa. Aidha, tusifichane, unapendeza, na mwenye nao huonekana ameendelea.

Makala haya hayakuandikwa kuukashifu mlango huo, kwani una kazi yake na huifanya vyema. Hoja yetu ni kwamba rola ilibuniwa kwa ajili ya uwazi mpana unaopitisha mitambo na magari, ilhali ghala la nafaka halihitaji uwazi mpana hata kidogo. Katika eneo kama Jego, ambapo kuna chumvi ya bahari, maji ya Mto Umba na panya wa mashamba ya mpunga, anayekosea hapa huhatarisha mavuno ya msimu mzima.

UCHAGA HAUKUWA NA MLANGO

Zamani swali la mlango wa ghala halikuwapo. Katika nyumba za Wadigo, kama ilivyokuwa kwa jamii nyingine za Mijikenda, mahindi ya chakula na ya mbegu yaliwekwa kwenye uchaga, yaani dari ya miti iliyo juu ya meko. Moshi wa kila siku uliyakausha na kuwafukuza wadudu, na mlinzi wa ghala alikuwa mpishi mwenyewe.

Utaratibu huo ulidhoofika mavuno ya kuuza yalipozidi yale ya kula, na nyumba zilipoezekwa mabati na jikoni kutengwa. Kisha akaja dumuzi mkubwa. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Wakulima wa humu nchini wamempachika jina la Osama. Hutoboa hindi likiwa bado kwenye gunzi, hutoboa muhogo mkavu, na hutoboa hata mbao, jambo ambalo mwenye kuwazia mlango wa mbao laini angefaa kulikumbuka.

Hatari iliyo kubwa zaidi ya mdudu ni unyevu. Mwaka 2004, watu 125 walifariki, miongoni mwa visa 317 vilivyoripotiwa, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini katika eneo la mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi. Mahindi yaliyosababisha maafa hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Wataalamu husisitiza kwamba nafaka isiingizwe ghalani kabla ya unyevu wake kushuka hadi asilimia 13.5 au chini ya hapo. Na ikishaingia, paa, sakafu na mlango vihakikishe kwamba hairudi kulowa.

Kwa hivyo mlango wa ghala la nafaka una kazi tatu kabla ya kumzuia mwizi: kuzuia maji, kuzuia panya na, pale inapohitajika, kuruhusu hewa kwa kipimo. Tuupime mlango wa rola kwa kazi hizo.

NAFASI ZA PANYA

Papi za rola hupanda na kushuka ndani ya reli mbili zilizopigwa kwenye miimo. Ili ziteleze, sharti pawe na nafasi kati ya ncha za papi na reli. Juu, pale mlango unapojiviringa kwenye bomba, nafasi huwa kubwa zaidi, kwa sababu mviringo hunenepa mlango unapopanda na hupungua unaposhuka. Chini, ubao wa chuma wa mwisho hukaa sawasawa na sakafu ikiwa tu sakafu yenyewe imenyooka, na sakafu nyingi za mashambani hazikunyooka.

Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6, takriban unene wa penseli. Panya mkubwa huhitaji milimita 12 hivi. Mlango wa rola usioongezewa kizuizi chochote una nafasi zaidi ya moja inayotimiza vipimo hivyo, na ile ya juu karibu na bomba ndiyo anayoipenda zaidi, maana huko hakuna anayemwona.

Haya yangekuwa madogo kama mkulima angeendelea na magunia ya katani na dawa ya unga. Lakini wengi sasa wamehimizwa kutumia magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi bila kemikali yoyote. Ni uvumbuzi wa manufaa makubwa. Udhaifu wake ni kwamba tundu moja la jino la panya huondoa faida yote, hewa ikaingia na wadudu wakafufuka. Aliyelipia magunia hayo kisha akaacha mwanya juu ya mlango amefunga dirisha na kuacha paa wazi.

Nafasi hizo zinaweza kuzibwa. Kuna brashi ngumu zinazopigwa kando ya reli na juu ya kizingiti, na kuna mpira wa kuvaa ubao wa chini. Hata hivyo, panya huutafuna mpira. Ukiutumia, uwe kwa ndani, na mbele yake pawe na bapa la chuma linalogusa sakafu.

INUA SAKAFU, PUNGUZA MLANGO

Hapa ndipo tungependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapookolewa.

Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, Tanzania, na kuingia baharini karibu na Vanga. Mvua ikinyesha sana huko milimani, maji huteremka hadi tambarare ya Vanga na Jego hata siku ambayo mawingu ya hapa ni machache. Wanaokumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 hawahitaji kuelezwa maana ya maji yanayoingia ndani bila kubisha hodi. Mlango wa rola, uwe wa bei gani, haukuundwa kuzuia maji yaliyosimama nje yake. Nao mlango wa bawaba haukuundwa kwa hilo. Kinachozuia mafuriko ni kimo cha sakafu.

Vitabu vya ugani hupendekeza kwamba ghala dogo la nafaka linalosimama juu ya nguzo liinuliwe kama mita 1 kutoka ardhini, kwa sababu panya haruki kimo hicho kwa urahisi. Sasa tazama: kitanda cha lori dogo, kwa mfano Canter, nacho huwa karibu na mita 1 kutoka ardhini. Mwenye kuinua sakafu ya ghala lake kufikia kimo cha lori amemkwepa Umba, amemkwepa panya, na amewapunguzia wapagazi kazi, maana gunia hutoka ghalani hadi kwenye lori bila kupandishwa wala kuteremshwa.

Na muhimu kwa mjadala wetu: lori haliingii tena ndani. Likisimama nje kando ya jukwaa, kinachopita mlangoni ni mtu mwenye gunia begani au mkokoteni mdogo. Uwazi wa mita 1.2 kwa mita 2.1 unatosha, na kwa uwazi kama huo hakuna haja ya rola. Mlango mmoja wa bati nene wenye fremu ya chuma na bawaba tatu, uliochomelewa na fundi wa juakali na kufungwa kwa makomeo mawili, utaziba vizuri zaidi, utagharimu kidogo, na ukiharibika utatengenezwa papo hapo kijijini.

Jambo moja la kuangaliwa ni bati lenyewe. Mafundi hulitaja kwa geji, na geji huhesabiwa kinyume: nambari ikipanda, unene hushuka. Bati la kuezekea la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3 tu, geji 16 ni milimita 1.6 hivi. Wapo waliouziwa mlango wa geji 22 wakidhani wamepata kitu kizito kuliko geji 18.

Ngazi ya kupandia iwe ya kuondolewa, au iachwe nafasi kati yake na ukuta. Ngazi ya zege iliyoshikamana na sakafu ni barabara aliyojengewa panya.

ROLA INAPOFAA

Yapo majengo ya shambani yanayodai mlango mpana. Banda la trekta ni mojawapo. Karakana ya mashine ya kukoboa mpunga ni la pili. La tatu ni kituo cha kikundi au chama cha ushirika cha kupokea nazi, korosho au ufuta, kilicho kando ya barabara, ambako mazao hulala siku chache kabla ya kuchukuliwa. Mahali hapo mlango hufunguliwa mara nyingi kwa siku, magari huingia kinyumenyume, na mlango wa bawaba wenye upana wa mita 3 hugongwa, huning'inia na kukwaruza sakafu kabla mwaka haujaisha.

Hata hapo, rola haiko peke yake. Mlango wa kusukuma, unaoning'inia kwa magurudumu kwenye reli iliyopigwa juu ya uwazi, unaweza kuchomelewa Lungalunga au Msambweni, hauna springi, na hauhitaji nafasi juu ya kizingiti. Unachohitaji ni ukuta mtupu ubavuni, wenye upana sawa na wa mlango. Kwa banda la trekta lililo ndani ya boma, mbali na barabara, huo ndio ushauri wetu wa kwanza. Kwa kituo cha mazao kilichobanwa na majengo pande zote, rola ndiyo inayofaa.

Anayeamua kununua rola akumbuke pia kwamba ziko za aina mbili. Ya kwanza ni hii tuliyoizoea madukani, ya papi nyembamba zilizoshikana. Ya pili ni ya bati moja lenye mikunjo, ambalo lote hujiviringa bila viungo. Ilipata umaarufu Australia kuanzia miaka ya 1950, kwanza katika gereji za nyumbani kisha katika mabanda ya mashamba. Hii ya pili ni nyepesi na ina viungo vichache vya kushika kutu, lakini hubonyea ikigongwa, na sehemu moja ikipindika bati zima huhitaji kubadilishwa. Ya papi, papi moja ikiharibika, hutolewa hiyo tu.

CHUMVI HAIONEKANI

Jego haiko ufuoni, lakini Vanga na mikoko yake iko karibu, na upepo wa kusi unaovuma kuanzia Aprili hutoka baharini ukibeba chumvi. Chumvi hiyo hutua juu ya chuma ikiwa vumbi lisiloonekana. Usiku huvuta unyevu wa hewa na kufanya utando wa maji chumvi, na kutu huanza. Ndiyo maana mlango uliodumu miaka mingi Voi au Machakos huweza kuoza mapema ukiletwa Pwani.

Kinachoukinga chuma ni zinki. Zinki huliwa kwanza ili chuma kilicho chini kisalimike, na ikiisha, zamu ya chuma hufika. Kwa hivyo swali la kumwuliza muuzaji ni zinki kiasi gani, wala si rangi gani. Bati zuri la papi huwa na gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, ambazo ni sawa na utando wa takriban maikroni 20 kila upande. Mabati mengine hupakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, nayo hustahimili hewa ya bahari vizuri, ila yasigusane na saruji mbichi, kwani alumini haipatani nayo.

Reli, mabano na bomba huchomelewa, na kuchomelea huunguza zinki yote iliyokuwa hapo. Vipande hivyo vichovywe katika zinki iliyoyeyushwa baada ya kuchomelewa. Chuma cha unene wa milimita 3 na zaidi kilichochovywa namna hiyo hupata utando wa maikroni 70 au karibu na hapo. Bolti zinazometameta dukani huwa na maikroni chache tu, nazo ndizo huanza kulia machozi ya kahawia ukutani. Nunua zilizochovywa, au za chuma kisichoshika kutu.

Mlango wa alumini hauna shida ya kutu nyekundu na ni mwepesi kupandisha. Lakini ni laini mbele ya mtaimbo wa mwizi. Aidha, alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, huliwa pole pole. Pawekwe mpira au plastiki katikati.

Adui mwingine hutoka ndani ya banda lenyewe, naye ni mbolea ya chumvichumvi. Gunia lililopasuka karibu na reli huanzisha kutu kwa kasi ambayo bahari ingeionea wivu. Mbolea ikae mbali na mlango, na ikiwezekana katika chumba kingine kabisa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kusimama nje ya bohari moja wakati wa masika, mlango wa rola ukiwa umenyanyuka kiasi cha goti na kukataa kuendelea. Ndani mlikuwa na magunia ya mpunga, na maji ya mtaro yalikuwa yakipanda. Sehemu ya chini ya reli ilikuwa imejaa matope ya mwaka uliotangulia, na chini ya matope hayo chuma kilikuwa kimevimba kwa kutu. Watu wawili walitambaa kuingia, wakawa wanasukuma magunia nje moja moja, hadi ilipoamuliwa kutoboa ukuta wa nyuma. Yaliyolowa yaliuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba jengo lolote lenye rola liwe pia na mlango mdogo wa bawaba, upande mwingine. Utatumika kila siku bila kuisumbua rola, na siku ya moto au ya kukwama ndio utakaowatoa watu. Vilevile, sehemu ya chini ya reli iachwe wazi kidogo au itobolewe, ili mchanga na maji vipate njia ya kutokea.

VIPIMO NA MIIMO

Kosa la kawaida ni kuagiza mlango kwa kutazama ramani ya jengo. Uwazi uliojengwa haulingani na uliochorwa. Jenga kwanza, piga lipu ya miimo, kisha pima upana mahali patatu, yaani chini, katikati na juu, na kimo mahali patatu vilevile. Pima pia kutoka pembe hadi pembe mara mbili kwa mshazari. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, uwazi umepinda. Miimo isimamishwe kwa timazi na kizingiti kilazwe kwa pima maji. Reli mbili zisiposimama sambamba, papi zitakwama njiani kila siku, na hakuna mafuta yatakayolitibu hilo.

Kwa upana na kimo, usipime trekta tupu. Pima trekta yenye jembe lake au tela lake, uone na paa lake la kivuli kama lipo, kisha ongeza angalau sentimita 30 kila upande. Dereva hatakuwa mtulivu kila siku.

Juu ya kizingiti, mlango wa kimo cha mita 3 huhitaji nafasi ya takriban sentimita 40 kwa ajili ya mviringo, na pembeni kila upande sentimita 10 hivi kwa reli na mabano. Mafundi wengi wa paa hawayajui hayo, wakaishusha boriti hadi juu ya kizingiti pasibaki kitu. Hapo mwenye banda hulazimika kuutundika mviringo nje ya ukuta, ambako mvua, chumvi na mikono ya watu huufikia. Kwa Pwani, mviringo ukae ndani. Ikishindikana kabisa, ufunikwe kwa kasha la bati lenye mteremko.

Kuhusu ukuta wenyewe, majengo mengi ya Kwale hujengwa kwa matofali ya mawe ya tumbawe yanayokatwa machimboni. Ni mawe mazuri, yenye ubaridi, lakini ni laini na yana matundu. Bolti ya kutanuka inayoshika imara kwenye zege huzunguka bure ndani ya tumbawe, na mlango ukitikiswa na upepo kwa miezi michache hung'oka pamoja na unga. Kila mwimo wa rola uwe nguzo ya zege yenye nondo, iliyoungana na kizingiti cha zege juu. Palipo na ukuta uliokwisha kujengwa, bolti zipenye ukuta mzima na kushikwa upande wa pili kwa bapa la chuma.

Zege hilo lisichanganywe na mchanga wa ufuoni. Chumvi yake huozesha nondo kutoka ndani, na nguzo hupasuka ikiwa bado inaonekana mpya. Mchanga wa mtoni ni ghali kuufikisha, lakini hauna mbadala.

Sakafu ya mlangoni iteremke kwenda nje, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita 1, na mstari ambao mlango hutua uwe juu kidogo ya jukwaa la nje, kama sentimita 2 au 3. Bila kingo hiyo ndogo, maji ya mvua inayopigwa na kusi huteleza chini ya mlango. Mwenye uhuru wa kuchagua upande na auelekeze mlango kaskazini au magharibi, ili kusi ipige mgongo wa jengo.

SPRINGI HAICHEZEWI

Bati la unene wa milimita 0.9 lina uzito wa kilo 7 hivi kwa mita ya mraba. Mlango wa mita 3 kwa mita 3 una kilo zipatazo 64, kabla hatujahesabu mikunjo ya papi, viungo na ubao wa chini. Sababu ya mtu mmoja kuweza kuuinua ni springi zilizosokotwa ndani ya bomba, ambazo hubeba uzito huo kwa niaba yake. Nguvu hizo zimo humo hata mlango ukiwa umetulia.

Fundi wa kuchomelea, hata awe hodari namna gani, asifungue ncha ya bomba la rola kama hakufundishwa kazi hiyo. Springi inayofunguka ghafla huzungusha chuma kilichoshikwa mkononi, ikavunja mkono au zaidi. Ndiyo sehemu moja ya kazi hii ambayo tungeshauri mkulima alipie nauli ya fundi wa rola kutoka Ukunda au Mombasa bila kunung'unika.

Mlango uliosawazishwa vyema hutambulika kwa jaribio rahisi. Uinue hadi katikati, uachie taratibu. Ukibaki hapo, springi ziko sawa. Ukishuka kwa kasi, zimelegea. Ukipaa, zimekazwa kupita kiasi. Jaribio hilo lifanywe mbele ya fundi, kabla hajalipwa fungu la mwisho.

Springi nyingi hutengenezwa kwa kadirio la kufungua na kufunga mara 10,000. Kituo kinachofungua mlango mara nne kwa siku kitazimaliza kwa karibu miaka saba. Mkulima anayefungua mara mbili atakaa nazo kwa zaidi ya miaka 13, ikiwa kutu haikumtangulia. Milango mipana zaidi ya mita 4 hivi huhitaji mnyororo wa kuvuta kwa mkono. Mota ya umeme ni ya hiari, ila iwe na mnyororo wa akiba, kwa kuwa umeme hukatika bila kujali kwamba lori limefika.

Makufuli yawe mawili, kila upande wa ubao wa chini, na si moja katikati. Mlango ulioshikwa katikati peke yake huinuliwa pembe moja kwa jeki ya gari, na nafasi ya kupitisha mikono hupatikana.

Utunzaji ni mdogo lakini haukwepeki. Wakati wa kusi, mlango na reli vioshwe kwa maji matamu kila mwezi, hasa upande wa ndani ambao mvua haiufikii. Grisi nzito isipakwe relini, kwani hushika mchanga na kuugeuza msasa. Mafuta mepesi kidogo, yakapanguswa, yanatosha. Mkwaruzo wowote ufunikwe siku hiyo hiyo kwa rangi yenye zinki.

Wakati mwafaka wa kuianza kazi yote hii ni kaskazi, kati ya Januari na Machi, kuta zikiwa kavu na barabara za ndani zikipitika. Zege huhitaji siku 28 kukomaa. Nguzo zilizomiminwa mwanzoni mwa Februari zitakuwa tayari kutobolewa mapema mwezi Machi, na fundi wa rola atakuwa amekuja na kuondoka kabla masika hayajaanza.